Makaa ya Mawe Si Shahidi wa Joto

Wako wasemao kwamba penye makaa ya mawe palikuwa na joto kali zamani. Msomaji, usikubali upesi. Mwaka 1912 Robert Scott na wenzake, wakirejea kutoka Ncha ya Kusini, waliona matabaka ya makaa kando ya mto wa barafu wa Beardmore, wakachukua kilo 16 za mawe, mengine yakiwa na alama za majani ya mti wa kale uitwao Glossopteris. Vigogo vilivyogeuka mawe katika milima hiyo vina duara za ukuaji: miti ilikua wakati wa jua, ikalala wakati wa baridi na giza. Makaa hushuhudia kinamasi, wala si joto. Walioubeba ushahidi huo hata kufa wastahili tuusome wote, si nusu yake.