Aliyedhuru Atajwe

Mzee wa pwani akimwagiwa chai kwenye kanzu husema "haidhuru", na mambo yakaishia hapo. Neno hilo limetokana na kitenzi dhuru, kilichoingia kutoka Kiarabu pamoja na nomino madhara, kikazaa dhurika na dhuriwa. Siku hizi umbo la kukana ndilo linaloishi mitaani, ilhali kudhuru kwenyewe kunazidi kuadimika katika kurasa za habari. Kiwanda kikimwaga sumu mtoni, gazeti huandika kwamba wakazi "wameathirika". Uandishi huo unamficha mtenda, na wahariri wana wajibu wa kuuacha.

Athari kwa asili ni alama inayobaki baada ya jambo kupita. Wahakiki hujadili athari za ushairi wa kale katika tungo za Shaaban Robert, wala hakuna anayedhani kwamba Shaaban aliumizwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira, na humo huingia ya kheri na ya shari: ajira zitakazopatikana, msitu utakaokatwa, maji yatakayochafuka. Neno pana kama hilo likilazimishwa kubeba mabaya peke yake, lugha inapoteza mawili kwa pamoja. Athari inakosa upana wake, na madhara yanakosa makali yake.

Aliyeumizwa zaidi na mtindo huo ni mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI. Tangu wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania watambuliwe mkoani Kagera mwaka 1983, watu walitafuta namna ya kuusema ugonjwa bila kuutaja, wakapata "ameathirika". Halikuhitaji hata nyongeza. Mtu akiambiwa fulani kaathirika, alishaelewa, na sauti ilishushwa. Kwa neno moja binadamu mzima, mwenye kazi, watoto na mipango yake, aligeuzwa kitu kilichokwisha kuharibika. Dawa za kufubaza makali ya virusi zimewarudisha wengi mashambani na maofisini, lakini jina la uharibifu likabaki limewaganda. Wenyewe walilikataa. Ndiyo maana leo husemwa "watu wanaoishi na VVU", na WAVIU kwa kifupi, na mwandishi ambaye bado anaandika "waathirika wa UKIMWI" anapaswa kusahihishwa kabla gazeti halijachapwa.

Kliniki za uzazi wa mpango zinaonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kupima vizuri uzito wa madhara. Muuguzi humweleza mama kwamba vidonge vinaweza kumletea maudhi madogomadogo, kama kichefuchefu au kuumwa kichwa. Maudhi hupita; madhara ni jambo la kurudi hospitali haraka. Mama hutoka pale akijua tofauti.

Mfano mzito zaidi wa mtenda anayefichwa na neno athirika uko Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu ili kupata madini ya risasi kilimwaga moshi na maji machafu katikati ya makazi ya watu, hadi kilipofungwa mwaka 2014. Risasi ilikutwa katika damu za watoto. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo na ambaye mwanawe mwenyewe alipata sumu hiyo, aliongoza mapambano yaliyofika mahakamani. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na Desemba 2024, baada ya rufaa kuitengua amri hiyo, Mahakama ya Juu iliirejesha. Kuwaita watu hao "walioathirika na risasi" ni kusimulia kana kwamba madini yalitembea yenyewe hadi vitandani mwao. Walidhuriwa. Waliowadhuru wanajulikana, na taasisi za serikali zilizopaswa kuwalinda zilihukumiwa pia.

Katika kurasa za mahakama neno kudhuru lingali hai. Mtu akimpiga jirani yake, husomewa shtaka la shambulio la kudhuru mwili, kosa ambalo chini ya kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania lina kifungo cha hadi miaka mitano. Hati ya mashtaka haiwezi kusimama bila jina la mshtakiwa, kwa hiyo mwandishi wa mahakamani hana pa kujificha.

Bila shaka yapo maafa yasiyo na wa kushtakiwa. Matope yaliposhuka kutoka Mlima Hanang Desemba 2023 na kufukia nyumba za Katesh, "walioathirika na maporomoko" lilikuwa neno la haki. Lakini bomba la kiwanda lina mwenyewe. Dawa bandia ina aliyeitengeneza na aliyeiuza. Habari za namna hiyo zianze na jina la mtenda, lifuatiwe na kitenzi "amedhuru", ndipo waje majeruhi na idadi yao.