Leza au miwani? Uamuzi usiopaswa kufanywa kwa pupa Kwanza

MSIMU wa mahindi unapomalizika katika eneo la Kwanza, kaunti ya Trans Nzoia, na magunia yakishauzwa, ndipo familia huketi kuyaamua mambo yaliyoahirishwa tangu wakati wa kupanda. Karo huja kwanza, kisha mbolea ya msimu ujao, kisha matibabu yanayoweza kungoja.

Macho hafifu ni miongoni mwa matibabu yanayoweza kungoja, au ndivyo inavyodhaniwa. Kijana aliyevaa miwani tangu darasa la sita, naye amechoka kuifuta vumbi kila anapopanda pikipiki, husikia kwamba Nairobi kuna mashine ya leza inayoyarekebisha macho kwa dakika chache na kumwezesha kuitupa miwani yake. Swali linalofuata nyumbani ni kama fedha za mavuno, au hata kipande cha shamba, zitumike kwa kazi hiyo.

Swali hilo si la kupuuzwa, wala wanaoliuliza si watu wa anasa. Mtu asiyeona mbali bila miwani hawezi kuendesha gari akiwa salama, na miwani ikivunjika katikati ya wiki ya kazi hubaki nusu kipofu hadi apate nyingine. Hata hivyo, jibu la haraka, liwe ndiyo au la, linaweza kumgharimu zaidi ya bei ya operesheni yenyewe.

Ni vyema kuanza na kile ambacho leza hufanya. Mwanga ukiingia ndani ya jicho hupindwa na konea, yaani ule utando angavu wa mbele, pamoja na lenzi iliyo nyuma ya mboni, ili ukusanyike barabara juu ya retina. Jicho likiwa refu kupita kiasi, mwanga hukusanyika kabla ya kuifikia retina na mtu haoni mbali. Konea ikiwa na mpindo usiolingana pande zote, herufi huonekana zimevutwa. Miwani huusahihisha mwanga kabla haujaingia jichoni. Leza huichonga konea yenyewe.

Katika njia inayojulikana zaidi, LASIK, daktari hukata kifuniko chembamba juu ya konea, hukikunja kando, mwale wa leza ukapunguza tishu kwa vipimo vidogo mno, kisha kifuniko kikarudishwa mahali pake. Njia ya zamani kidogo, PRK, haina kifuniko. Ngozi ya juu ya konea huondolewa na leza huchonga moja kwa moja. Maumivu yake ni makubwa zaidi kwa siku kadhaa na uoni huchukua muda mrefu kutulia.

Teknolojia hiyo ilizaliwa mahali pasipohusiana na macho. Mwaka 1981, wanasayansi wa kampuni ya IBM nchini Marekani, Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum, waliujaribu mwale wa leza ya eksima juu ya mabaki ya nyama ya bata mzinga yaliyotoka katika mlo wa sikukuu, wakaona kwamba ulikata bila kuunguza sehemu za kando. Mwaka 1995 mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani, FDA, iliidhinisha leza ya kwanza ya aina hiyo kwa ajili ya kurekebisha uoni. Tangu hapo mamilioni ya watu duniani wamefanyiwa.

Wengi wao hawajuti. Utafiti uliofanywa kwa ushirikiano wa FDA, ukachapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 95 ya walioshiriki waliridhika na uoni wao baada ya LASIK. Hiyo ndiyo takwimu ambayo wauzaji wa huduma huipenda.

Utafiti huohuo una takwimu nyingine ambazo hazibandikwi ukutani. Miongoni mwa watu ambao hawakuwa na kasoro yoyote ya kuona kama vile kuona duara za mwanga, mng'ao au taswira mbili, hadi asilimia 46 walikuwa wamepata angalau moja ya kasoro hizo miezi mitatu baada ya operesheni. Hadi asilimia 28 ya waliokuwa hawana ukavu wa macho waliupata. Waliotatizika sana hata wakashindwa na shughuli zao za kawaida kwa sababu ya kasoro hizo hawakufika asilimia moja.

Je, mtu anawezaje kuridhika huku akiona duara kuzunguka kila taa? Inawezekana, maana aliyekuwa haoni ubao wa matangazo hatua kumi mbele yake huona kwamba amepata zaidi ya alichopoteza. Lakini mizani hiyo hutegemea kazi ya mtu. Karani wa ofisini Kitale anaweza kuzizoea duara hizo. Mwendeshaji wa bodaboda anayebeba abiria usiku kwenye barabara ya Kitale kuelekea Suam, akikutana na lori lenye taa kali, hana nafasi ya kuzizoea.

Fauka ya hayo, kifuniko kinachokatwa katika LASIK hakishikani na konea kwa nguvu kama ilivyokuwa awali. Kipigo jichoni kinaweza kukisogeza, hata baada ya muda mrefu. Ukingo wa jani la hindi, mkia wa ng'ombe wakati wa kukama, tawi lililoachiliwa na mtu aliyetangulia njiani: kwa mkazi wa mashambani haya si matukio ya nadra. Ndiyo sababu wataalamu aghalabu humshauri mtu ambaye kazi yake ina hatari ya kupigwa jichoni achague njia isiyo na kifuniko, kama leza inamfaa kabisa. Mtu asiyeeleza kazi yake kwa daktari, na daktari asiyemuuliza, wote wawili wamefanya kosa.

Lipo jambo jingine linalowahusu hasa watu wa maeneo yenye vumbi. Mzio wa macho unaowasha na kumfanya mtoto ayasugue macho mchana kutwa ni jambo la kawaida Afrika Mashariki, na wazazi wengi huuona kama usumbufu tu. Kusugua macho kwa miaka kumefungamanishwa na ugonjwa uitwao keratokonasi, ambapo konea hudhoofika, huwa nyembamba na hutokeza mbele kama ncha ya pia. Mwanzoni ugonjwa huo hujionyesha kama kutoona mbali kwa kawaida, na mgonjwa hubadilishiwa miwani mara kwa mara bila kupata nafuu ya kudumu.

Mtu mwenye konea ya aina hiyo akichongwa kwa leza, konea iliyokuwa dhaifu hudhoofishwa zaidi, na uoni wake unaweza kuharibika kiasi kwamba hata miwani haimsaidii tena. Kinga yake ni kipimo cha kuchora ramani ya konea pamoja na unene wake kabla ya operesheni yoyote. Kituo kinachotaka kumpeleka mtu kwenye leza bila kipimo hicho kinapaswa kukimbiwa. Hakuna lugha laini ya kulisema hilo.

Wako na wengine ambao leza haiwafai, au haiwafai kwa sasa: walio chini ya miaka 18, ambao macho yao bado yanakua, wale ambao namba ya miwani yao imebadilika katika mwaka uliopita, wajawazito na wanaonyonyesha, kwa kuwa uoni wao hubadilika kwa muda, wenye ukavu mkali wa macho, wenye kisukari kisichodhibitiwa na wenye magonjwa ambapo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Miongoni mwa wanaofika kupimwa, wapo wanaorudishwa nyumbani, na hao wanapaswa kushukuru badala ya kutafuta daktari mwingine atakayekubali.

Waliotimiza miaka 40 na zaidi huangukia katika dhana potofu ya pekee. Katika umri huo lenzi ya ndani ya jicho huanza kukakamaa, na mtu hulazimika kuisogeza Biblia au karatasi ya dawa mbali ili aisome. Leza inayorekebisha uoni wa mbali haiondoi hali hiyo. Mtu anaweza kulipa, akaona mlima Elgon vizuri bila miwani, kisha akahitaji miwani ya kusomea ujumbe kwenye simu yake.

Kwa watu wa umri huo dawa ya bei nafuu ina ushahidi wa kutosha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu wachuma majani chai wa Assam, India, wenye umri wa miaka 40 na zaidi, uligundua kwamba waliopewa miwani ya kuona karibu waliongeza tija yao kwa takriban asilimia 22 zaidi ya wenzao ambao hawakupewa. Wachagua mbegu na mafundi cherehani wa Kitale au Bungoma hawana sababu ya kuwa tofauti.

Aidha, operesheni ya leza isichanganywe na ile ya mtoto wa jicho. Mwenye mtoto wa jicho lenzi yake imeingia ukungu, na daktari huiondoa na kuweka ya bandia. Hiyo humtoa mtu gizani na haina mbadala wa miwani. Mzee anayeambiwa anahitaji operesheni hiyo asiikatae kwa sababu mjukuu wake alisoma mabaya ya leza.

Kuhusu gharama, hesabu ya mkazi wa Kwanza haiishii kwenye bei inayotajwa na kliniki. Nairobi iko umbali wa takriban kilomita 380 kutoka Kitale. Mgonjwa hutakiwa kuonekana tena siku inayofuata operesheni, kisha baada ya wiki na baada ya miezi, na hutumia dawa za matone kwa muda. Kifuniko kikikunjika au jicho likiingia maambukizi, muda ni wa saa, si wa siku. Nauli, malazi, siku zisizo na kazi na mtu wa kumsindikiza, vyote vihesabiwe. Anayetegemea SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, au bima ya kampuni binafsi, apate jibu kwa maandishi mapema, kwani bima nyingi huyahesabu marekebisho ya namna hii kuwa ya hiari. Vivyo hivyo, kijana anayetaka leza ili ajiunge na kikosi cha ulinzi aulize kikosi chenyewe kwanza iwapo jicho lililofanyiwa leza linakubaliwa.

Ukiyaweka hayo yote pamoja, inakuwa vigumu kuitetea hoja ya kuuza shamba. Leza ni tiba halali kwa mtu mzima ambaye macho yake yametulia, konea yake ni nene na yenye afya, kazi yake inairuhusu, na fedha anazotoa hazitamfukarisha. Asiyetimiza hata moja kati ya masharti hayo, miwani inamtosha.

Lakini mjadala wa leza na miwani una kasoro moja kubwa: unawahusu waliokwisha kupimwa. Trans Nzoia inajulikana duniani kwa wataalamu wa macho kwa sababu tofauti kabisa. Ni katika kaunti hii ambapo daktari wa macho wa Kitale, Hillary Rono, na wenzake walifanya utafiti katika shule 50, matokeo yakachapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet Global Health. Walimu walifunzwa kuwapima wanafunzi zaidi ya 20,000. Katika nusu ya shule walitumia kadi ya kawaida, na katika nusu nyingine walitumia simu yenye programu ya Peek.

Katika kundi la simu, mzazi alipelekewa picha ya kumwonyesha jinsi mtoto wake anavyouona ubao, pamoja na ujumbe mfupi wa kumkumbusha. Asilimia 54 ya watoto waliogunduliwa kuwa na tatizo katika kundi hilo walifika hospitalini. Katika kundi la kadi, waliopewa barua tu ya kupeleka nyumbani, waliofika walikuwa asilimia 22.

Takwimu hiyo ya pili ndiyo inayopaswa kuwakosesha viongozi usingizi. Watoto karibu wanne kati ya watano walijulikana kuwa hawaoni vizuri, wakaandikiwa barua, na bado hawakufika. Hata kwa msaada wa simu, karibu nusu walibaki nyumbani. Hapana shaka wapo kati yao waliokua wakiitwa wazito wa kufahamu, ilhali kilichokosekana ni vioo viwili na fremu ya plastiki. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni moja wana matatizo ya uoni ambayo yangeweza kuzuiwa au bado hayajashughulikiwa.

Kwa hiyo familia inayozungumzia leza kwa ajili ya kijana mmoja ingefanya vyema kuwapeleka kupimwa watu wote wa boma kwanza. Huenda fedha hizohizo zikawanunulia miwani mama, nyanya na mtoto wa darasa la nne, na zikabaki.

Naye kijana mwenyewe akiendelea kuitaka leza, hana haja ya kuanzia Nairobi. Apimwe Kitale na mtaalamu, aihifadhi karatasi yenye namba za miwani yake, kisha arudi baada ya mwaka mmoja apimwe tena. Kama anavaa lenzi za kubandika jichoni, azivue kwa muda atakaoelekezwa kabla ya vipimo, maana hubadilisha umbo la konea. Karatasi hizo mbili, zenye tarehe zilizopishana mwaka, zitamwonyesha daktari wa leza kama macho yake yametulia.