Fimbo Tunajua Kuchapia Tu

Wiki ya pili ya mafunzo kwa vitendo nilimtuma mwanafunzi wa kidato cha pili porini akalete fimbo. Kosa lake lilikuwa kuchelewa namba. Sijivunii, lakini tukiamua kusema kweli humu kwenye jarida letu, wengi wetu tunaosomea ualimu tumeshafanya hivyohivyo, maana ndivyo tulivyofanyiwa sisi. Shule siitaji jina. Ni moja ya shule za mkoa wa Pwani, na ingeweza kuwa yoyote.

Kijana akachelewa tena, karibu kipindi kizima. Aliporudi alikuwa na fimbo ya mkole iliyonyooka, vifundo vyote vimelainishwa, gome amelibandua kwa mzunguko toka juu hadi chini, mstari mweupe, mstari mweusi, kama nyoka aliyejizungusha mtini. Juu ameacha kinundu kinachokaa vizuri kiganjani. Kazi yote ameifanya kwa wembe. Nikamuuliza kilichomchukua muda wote huo ni nini. Akajibu, "Madam, ile ya kwanza ilikuwa mbaya." Mwalimu mwenzangu aliyekuwa karibu akacheka, akaichukua, akamchapa. Kiboko cha pili fimbo ikakatika.

Vipande nikaviokota. Jumamosi nikapanda gari kwenda Kwala kumsalimia babu mzaa mama, nikamwonyesha. Babu anachonga bakora tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Alivigeuza vile vipande, akavinusa, akapitisha dole gumba kwenye ile mistari. "Mchumba, huyu mtoto ana mkono," akaniambia. "Anafundishwa na nani?"

Hafundishwi na mtu yeyote, na ndicho kilichonifanya niandike makala haya.

Kwala ya leo mnaijua kwa bandari kavu iliyozinduliwa Julai 2025, makontena yanayoletwa kwa reli, maroli, na viwanda vinavyojengwa. Ni habari njema, siwezi kuipinga. Vijana wa pale wanapata vibarua. Lakini kabla ya makontena Kwala ilikuwa kijiji cha kwenye reli chenye pori, na kwenye pori watu walijua mti upi unafaa kwa kitu gani. Mkole kwa fimbo na upinde, kwa sababu unapinda bila kuvunjika (ule wa mwanafunzi ulikatika kwa kuwa mbichi uliotiwa wembe kote na kupigwa kwa hasira). Mpingo kwa bakora ya heshima, ila mpingo huchukua miaka 70 hata 100 kufikia kukomaa, kwa hiyo babu haukati. Anasubiri tawi lililoanguka au mabaki ya mtu mwingine. Ulaya mti huohuo wanauchongea klarineti na obo, halafu sisi tunauchoma mkaa.

Niliwahi kudhani kuchonga fimbo ni kukata kijiti na kukiparura kwa kisu. Kazi inaanza kwenye kuchagua. Babu anatafuta tawi lililoota na kinundu au mpindo wake lenyewe, maana mkono wa bakora uliopinda toka mtini una nguvu kuliko wa kuunga. Anakata kiangazi, maji ya mti yakiwa yamepungua. Haliweki juani hata siku moja. Analiacha na gome lake chini ya mapaa, kivulini, ncha zote mbili amezipaka nta ili lisikauke haraka upande mmoja likapasuka. Hapo linakaa miezi miwili, mitatu. Likiwa limepinda analipasha juu ya makaa, analibana kwenye uma wa mwembe, analinyoosha kidogokidogo huku akiliangalia kwa jicho moja. Kisha tezo, kisu, tupa, na kipande cha chupa iliyovunjika, ambacho kwa kukwangua kinaishinda msasa yoyote ya dukani. Mwisho mafuta ya nazi, leo kidogo, kesho kidogo. Chini anavalisha kipande cha tairi isiteleze kwenye sakafu.

Na anapima. Mteja anasimama wima na viatu vyake, mikono inaning'inia, bakora inakatwa usawa wa kifundo cha mkono. Ikizidi hapo bega linapanda, ikipungua mgongo unainama. Nilivyokuwa namsikiliza nikakumbuka saa nilizokaa chuoni nikisikiliza mihadhara ya kupanga somo: tambua mahitaji ya mwanafunzi, andaa zana, nenda kutoka rahisi kwenda gumu, pima. Babu hajawahi kusikia neno ufundishaji. Anayafanya yote, na mteja wake akikosewa anaanguka kweli.

Sasa angalieni neno bakora lenyewe. Ni fimbo ya kutembelea, ya mzee, ya kujishikilia. Ukisema "bakora" mbele ya darasa la watoto hamna atakayemfikiria babu yake. Watanyoosha mikono. Neno mkwaju nalo ni hivyohivyo: mti wa matunda machachu, kisha fimbo ya mzee, kisha kipigo. Sisi walimu ndio tuliolibadilisha neno kazi. Kanuni za adhabu ya viboko zipo tangu 1979, na zinasema anayeruhusiwa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini naye kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na viandikwe kwenye daftari. Mimi na mwenzangu, wanafunzi wa chuo wenye wiki mbili kazini, hatukuwa na idhini ya mtu. Wala hatukujiuliza.

Mwalimu aliyebeba fimbo kuliko wote nchini alikuwa Nyerere, na kifimbo chake kila mtu anakijua. Alifundisha Pugu, hapo jirani na Kisarawe, mpaka alipoacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Mwaka 1967 akaandika Elimu ya Kujitegemea, na sisi wa ualimu tunakariri mwaka huo kwa ajili ya mtihani, tunajaza, tunapata maksi, tunasahau. Januari 2024 mitaala mipya imeanza na sekondari ikapata mkondo wa amali. Neno lenyewe linapendeza: amali, kazi ya mikono. Nilipomaliza kusikiliza babu nilirudi shuleni nikaomba kitu kidogo tu: mzee aje Ijumaa moja, vipindi viwili, awaonyeshe watoto namna ya kukausha na kunyoosha mti. Jibu nililopewa ni kwamba hana cheti.

Hana, kweli. Lakini VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi anapimwa kwa kazi yake, akifaulu anapewa cheti bila kurudi darasani. Mafundi ujenzi, makanika na wapishi wameupitia. Kwa nini mchongaji asiupitie? Na akishapata, kwa nini shule isimlipe kwa saa kama inavyomlipa mwalimu wa muda wa hesabu? Napendekeza zaidi ya hapo: sisi tunaokwenda mafunzo kwa vitendo tupewe jukumu la kuandika majina ya mafundi watano wanaoizunguka shule, na wanachojua. Tunajaza fomu ngapi zisizosomwa na mtu? Hii moja ingesomwa.

Nawasikia. "Nani ananunua fimbo siku hizi?" Mzee aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga ananunua, tena analetewa ile ya aluminiamu inayolia ngo ngo ngo. Bakora ya mwisho ya babu iliondoka kwa Sh 15,000, na mnunuzi aliifuata kutoka Dar. Ni ndogo ukiihesabia siku za kazi, nakubali. Sisemi kila mtoto wa Kwala awe mchongaji fimbo, hiyo ingekuwa njaa nyingine. Nasema mtoto anayejua kusoma mti, kupima mwili wa mtu na kungoja miezi mitatu bila kuharibu kazi, huyo hata ukimpeleka useremala au kiwandani ameshavuka nusu ya safari. Wapo pia watakaosema tunahimiza kukata miti. Jamani, Pwani nzima inapakia mkaa kwenda Dar es Salaam kila usiku, halafu tawi moja la mkole ndilo limalize msitu?

Tena hapa si pageni kwa uchongaji. Wazaramo wa Kisarawe na Kibaha ndio wenye mwana hiti, kile kisanamu cha mbao alichokuwa anapewa mwali akiwa ndani, na umbo hilohilo walilichonga kwenye vichwa vya fimbo za wakubwa na waganga. Vingine leo vimekaa kwenye makumbusho ya Ulaya, vimewekewa taa. Babu anajua kulichonga lile umbo. Ameniambia hajaombwa na mtu kwa miaka mingi, na yeye hachongi kitu kama hicho bila kuombwa.

Yule kijana nilimwomba radhi kabla sijaondoka, pembeni, siyo mbele ya darasa, na hilo pia linanisuta. Alishangaa kuliko kufurahi. Nikampa tupa ndogo ya babu na maelekezo ya kufika Kwala, akauliza kama atatakiwa kulipa. Juzi babu amenipigia simu: kuna mtoto amekuja na matawi matatu, mawili ameyakataa. La tatu liko chini ya mapaa, limepakwa nta.