Uraia na Sanduku la Barua
Mwaka 2013 Serikali iliendesha Operesheni Kimbunga mikoani Kagera, Kigoma na Geita ili kuwaondoa wahamiaji haramu. Lengo lilikuwa halali. Lakini mwananchi wa kijijini Muleba, aliyezaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga wa jadi, atathibitishaje uraia wake kwa hati ambazo hakupata kupewa? Kuzifuatilia ni nauli, na majibu yakija kwa barua hupitia sanduku la posta la shule, kwani yeye hana lake. Barua hungoja mezani kwa mwalimu mkuu hadi mtoto akumbuke kuibeba, na watoto husahau, walimu wanajua. Anwani za makazi za mwaka 2022 ziliipa nyumba namba. Namba peke yake haileti barua. Uhamiaji na Posta hawana budi kukaa pamoja, fomu na majibu yafike ofisi ya kata.