Nani Ameshika Kamba? COTU, Serikali na Slipu Yako

Kabla sijasema lolote, tazameni hizi namba. Mei Mosi 2017, serikali iliongeza mshahara wa chini kwa asilimia 18. Mei Mosi 2018, asilimia 5. 2019 hakuna kitu. 2020 hakuna. 2021 hakuna. Halafu Mei Mosi 2022, asilimia 12.

Sasa nambieni, 2017 na 2022 kulikuwa na nini? Miezi mitatu baada ya hizo sherehe mbili, Wakenya walipiga kura. Bei ya unga haijui kalenda ya IEBC, lakini mshahara wa chini waijua vizuri sana.

Picha ya siku hiyo mwaijua. Rais yuko jukwaani, Francis Atwoli wa COTU yuko kwa maikrofoni na mikufu yake, anaomba. Rais anatabasamu, anatoa. 2024 alitoa asilimia 6. Watu wanapiga makofi, wanarudi nyumbani. Hilo neno "anaomba" ndilo linalonikera. Muungano wa wafanyakazi wa nchi nzima unaombaje? Wewe ndiye mwenye watu, na bila watu wako hakuna kiwanda, hakuna hoteli, hakuna bandari.

Wengi wakimsikia Atwoli wanasema shida ni kwamba vyama vya wafanyakazi vinaingilia siasa, vikae kando. Mimi sikubaliani kabisa. Kwangu mimi, siasa ndiyo iliyoiingilia COTU, tena zamani, kabla wazazi wa wengi wetu hawajazaliwa. Na mambo yalianzia hapa hapa kwetu Mombasa.

Ukikaa Mama Ngina jioni na viazi karai vyako na ukwaju, meli zinapita karibu mpaka waona waweza kumsalimia baharia kwa jina. Zinaingia Kilindini. Simu uliyoshika, viatu ulivyovaa, ngano ya chapati ya asubuhi, karibu vyote vimepita hapo mbele ya macho yako. Na si vyetu tu, mzigo wa Uganda nao wapita hapo hapo. Sasa fikiria makuli wote waseme leo hatupakui. Siku ya kwanza matajiri wanacheka. Siku ya tano Nairobi inapiga simu.

Hilo si jambo la kufikirika, lilitokea. Makuli waligoma 1939. Januari 1947 ikawa kubwa zaidi: bandari, reli, mahoteli, mpaka wapishi wa majumbani kwa Wazungu, watu kama 15,000 waliweka kazi chini karibu wiki mbili. Walikuwa wakikutana uwanja ulioitwa Kiwanja cha Maskini. Hebu soma hilo jina tena. Kiongozi wao alikuwa kijana Mkikuyu aitwaye Chege Kibachia. Hawakuwa na chama cha siasa, hawakuwa na kura, hawakuwa na mbunge. Serikali ya mkoloni ilimkamata Kibachia Agosti mwaka huo huo ikampeleka Kabarnet, akakaa huko miaka na miaka. Mama Ngina yenyewe, ambayo wakati huo iliitwa Azania Drive, ilitengenezwa upya 2019 ikafanyiwa sherehe za Mashujaa mwaka huo. Mimi nimeizunguka sana na kamera, na sijaona kibao chenye jina la Kibachia. Labda mtu anionyeshe.

Machi 1955 makuli wakagoma tena. Safari hii alikuja kutoka Nairobi katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, akaongea nao, akaongea na matajiri, mishahara ikapanda. Jina lake Tom Mboya. Alikuwa na miaka 24. Wewe na mimi kwa umri huo twatafuta laiki.

Hapo ndipo siasa inaingia, na haikuingia kwa ubaya. Mboya aliona kwamba mgomo unakupa nyongeza, lakini sheria inaandikwa bungeni. KANU ilipoundwa 1960 yeye ndiye akawa katibu mkuu wake, huku bado anaongoza wafanyakazi. 1962 akawa Waziri wa Leba. Yaani mtu mmoja ni sauti ya wafanyakazi, ni katibu wa chama, na ni waziri. Ukiitazama haraka waona wafanyakazi wameiteka serikali. Mimi naona kinyume chake. Mtu akishakaa viti vyote viwili, siku kimoja kikigombana na kingine, atakaa kile chenye bendera kwa gari.

Baada ya uhuru vyama vya wafanyakazi viligawanyika kambi mbili, kila kambi na wanasiasa wake nyuma. 1965 kambi hizo zilipigana hapa Mombasa na watu wakafa. Rais Kenyatta akapata sababu aliyoihitaji. Makundi yote mawili yakafutwa, ikaundwa COTU, na kwenye mpango huo Rais ndiye aliyekuwa na usemi wa mwisho nani awe katibu mkuu, kutoka kwa majina aliyopelekewa. Sikiza hiyo vizuri: mwajiri mkubwa kuliko wote nchini anamchagua mtu wa kumtetea mfanyakazi. Ni kama mwenye nyumba akuchagulie wakili wa kesi yenu ya kodi.

Mwaka uliofuata, baadhi ya viongozi wa wafanyakazi waliomfuata Oginga Odinga kwenye chama cha KPU walitiwa kizuizini. Enzi za Moi COTU ikaunganishwa na KANU moja kwa moja. Na msidhani ni Kenya tu. Tanganyika, 1964, baada ya maasi ya wanajeshi, Nyerere alivunja shirikisho la wafanyakazi akaweka NUTA, na katibu mkuu wa NUTA, Michael Kamaliza, alikuwa huyo huyo Waziri wa Kazi. Majirani wawili, mmoja ubepari mwingine ujamaa, na kamba wakaifunga vilevile.

Sasa twende mbali kidogo, Australia, kwa sababu huko mambo yako kinyume. Chama cha Labor cha kule kilizaliwa na vyama vya wafanyakazi miaka ya 1890, baada ya migomo mikubwa kushindwa na wakakata shauri kupeleka watu wao bungeni. Wafanyakazi ndio waliokizaa chama. Mpaka leo vyama vyao vina karibu nusu ya viti kwenye mikutano mikuu ya Labor. Bob Hawke aliongoza muungano wao wa wafanyakazi kabla ya kuwa Waziri Mkuu 1983. John Howard, wa upande mwingine, alipoleta sheria za kazi ambazo wafanyakazi hawakuzitaka, walimfanyia kampeni nchi nzima. Uchaguzi wa 2007 akapoteza serikali na kiti chake mwenyewe cha ubunge.

Huko matajiri na magazeti hulalamika eti wafanyakazi wana nguvu kupita kiasi juu ya serikali. Jamani, hiyo shida mimi naitaka! Nileteeni hapa kwa meli, ipite Mama Ngina niipigie picha.

Lakini tusidanganyane, huko pia si peponi. 2024 serikali hiyo hiyo ya Labor iliweka chama cha wafanyakazi wa ujenzi, CFMEU, chini ya msimamizi baada ya tuhuma za uhalifu na rushwa. Na wanachama wamepungua, siku hizi ni kama mfanyakazi 1 kati ya 8. Kwa hiyo hata huko kamba inavutwa pande zote mbili. Tofauti ni kwamba huko kuna pande mbili za kuvuta.

Hapa kwetu kamba yenyewe ni pesa, na hii ndiyo sehemu ambayo hamna mtu anatuelezea. Ukiwa mwanachama, mchango wako hukatwa na mwajiri moja kwa moja kabla hujaona mshahara. Amri ya kukata hutoka kwa Waziri wa Leba, iko kwenye sheria ya mahusiano ya kazi ya 2007. Sehemu ya hizo pesa huenda COTU. Mfumo huu una faida: hakuna mtu wa kuzunguka getini na daftari akidai shilingi mia mbili. Ila tazama umefanya nini. Kiongozi hahitaji kukutafuta wewe kila mwezi akueleze amekufanyia nini. Pesa zinafika tu, umefurahi au hujafurahi. Anayehitaji kumfurahisha ni yule mwenye mkono kwenye bomba la maji.

Na bomba likifungwa? Waulizeni walimu. KNUT ilikuwa simba wa nchi hii. Katibu mkuu wake, Wilson Sossion, akakubali ubunge wa kuteuliwa na ODM 2017 huku bado anaongoza walimu. Akagombana na TSC, ambayo ndiyo mwajiri. Kuanzia 2019 walimu waliobaki KNUT wakakosa nyongeza waliyopata wenzao, wakahama kwa maelfu, michango ikakauka. 2021 Sossion akajiuzulu. Baadaye tukamwona UDA. Kila kiongozi wa wafanyakazi Kenya aliitazama hiyo filamu mpaka mwisho, na nina hakika alielewa.

Ndiyo maana sishangai COTU ilipounga mkono tozo ya nyumba. Atwoli 2022 alikuwa na Raila, tena kwa sauti kubwa, akisema jina la Ruto halitakuwa kwenye karatasi ya kura. Ruto akashinda. Muda si muda wako pamoja jukwaani, na asilimia 1.5 ya mshahara wako ikaenda kwa nyumba ambayo hujaonyeshwa mlango wake. Watu walimcheka Atwoli kwamba amegeuka. Mimi namwona mtu anayeelewa kazi yake ilivyojengwa. Yuko kwa hicho kiti tangu 2001, wengi wenu mlikuwa kwa nepi au hamjazaliwa kabisa, na 2021 alirudi bila mpinzani. Ukimtoa yeye leo ukaweka kijana wa miaka 24 mwenye moto kama Mboya, bomba liko palepale.

Kuna mtu atasema: wewe yakuhusu nini, hata slipu huna. Kweli, natengeneza vidio za maduka, nalipwa kwa M-Pesa, wengine hawalipi kabisa wanasema "tutakutangaza". Lakini mshahara wa chini ukiwa mdogo, kila bei ya kibarua inapimwa nao, mpaka yangu. Bodaboda, wasusi, wahudumu wa mahoteli ya Nyali wanaoitwa msimu wa wageni tu, sisi ndio wengi, na hakuna anayetutaja Mei Mosi isipokuwa kwenye salamu. Juni 2024 tulitoka barabarani kwa ajili ya kodi, hapa mjini pia, bila chama chochote cha wafanyakazi mbele yetu. Makuli wa 1947 wangetuelewa upesi kuliko waliokuwa jukwaani mwezi mmoja kabla.

Kwa hivyo mimi sisemi COTU itoke kwenye siasa. Ikae, lakini ikae kama mtu anayeweza kuamka na kuondoka mezani. Ili aweze, lazima pesa zake na kiti chake vitoke kwako, si kwa Waziri. Mchango ulipwe na mwanachama kwa simu yake mwenyewe, kila mwezi, kwa hiari. Najua wakubwa wa vyama wataogopa, watasema mapato yatashuka. Ndiyo, yatashuka. Mwaka wa kwanza yatashuka sana. Halafu utaona viongozi wakija getini Kilindini saa kumi na mbili asubuhi, kama alivyokuja Mboya, kuwauliza watu wanataka nini.

Mpaka hapo, kama una slipu, ichukue leo uisome mstari kwa mstari. Tafuta mchango wa chama ni shilingi ngapi na unakwenda chama gani. Muulize mwakilishi wenu wa tawi alichaguliwa lini, siku gani, na nani alihesabu kura. Uchaguzi wa matawi ni kila miaka mitano, na mara nyingi watu wanaojitokeza hawajazi matatu mawili. Kama hujui mwakilishi wenu ni nani, anza kwa kuuliza hilo.