MAARIFA YA NYUMBANI: Kugawana Mafaili Kusiielemee Intaneti



Katika nyumba zenye intaneti huzuka lawama za namna hii: kijana amewasha programu ya kugawana mafaili; punde si punde sauti ya baba aliye safarini inakatika katika simu, na somo analolifuata dada kwa kompyuta linasimama. Kampuni ya intaneti hulaumiwa, kumbe mara nyingi chanzo kimo humo humo nyumbani.

Yafaa kwanza kufahamu jinsi programu hizi zifanyavyo kazi. Utaratibu wa BitTorrent, uliobuniwa na Bram Cohen wa Marekani mwaka 2001, huligawa faili kubwa katika vipande vidogo vidogo. Kila apokeaye vipande huwapa wenziwe vile alivyokwisha kupata. Ni nipe nikupe, kwani mkono mtupu haulambwi. Kwa hiyo kompyuta inapopakua, papo hapo hupakia. Na hata faili likishatimia, huendelea kuwagawia wengine.

Hapo ndipo penye shida. Katika nyumba nyingi njia ya kupakia ni nyembamba kuliko ile ya kupakua, nayo hutumiwa na kila mtu. Hata apakuaye tu hana budi kurudisha majibu mafupi ya kuthibitisha kwamba data imefika. Programu ikiijaza njia hiyo, data hupanga foleni ndani ya modemu. Majibu huchelewa, na upakuaji wa nyumba nzima hupungua kasi. Ndiyo maana jambo la kwanza ni kuwekea kikomo upakiaji.

Fanyeni hivi:

1. Zimeni programu hiyo, kisha pimeni kasi ya kupakia wakati ambapo hakuna mwingine atumiaye intaneti. Tuseme mmepata megabiti 2 kwa sekunde.

2. Badilini kipimo, kwa kuwa programu nyingi hizi huhesabu kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Megabiti 2 ni sawa na kilobaiti 250.

3. Katika mipangilio ya programu, wekeni kikomo cha upakiaji kisichozidi asilimia 80 ya kasi hiyo, yaani kilobaiti 200 kwa sekunde. Penye simu nyingi, anzeni na nusu, yaani 125. Tahadharini na sifuri: katika qBittorrent, sifuri maana yake ni kutokuwa na kikomo chochote.

4. Punguzeni idadi ya miunganisho inayoruhusiwa kwa wakati mmoja. Ruta ndogo huweza kulemewa na mamia ya miunganisho.

5. Tumieni ratiba. Programu ya Transmission ina kitufe chenye picha ya kobe cha kupunguza mwendo, na huweza kupangiwa saa. Mchana kobe atembee. Usiku, watu wakilala, njia ifunguliwe.

Wanunuao intaneti kwa vifurushi wawe na hadhari zaidi, maana kinachopakiwa nacho aghalabu huhesabiwa. Kufunga dirisha la programu pengine hakuisimamishi: tazameni alama ndogo zilizo karibu na saa ya kompyuta, mkaizime hapo. Kadhalika, gawaneni vile tu ambavyo wenyewe wameviruhusu, kama vile mifumo ya Linux ambayo watengenezaji wengi huisambaza kwa njia hii.

Mwisho, jaribuni. Programu ikiwa inafanya kazi, mmoja wenu apige simu ya intaneti. Sauti ikikatika, punguzeni kikomo tena hadi itulie. Kizuri kula na nduguyo, ndivyo tulivyofunzwa. Lakini si haki mgeni wa mbali ashibe na aliye chumba cha pili akose kusikilizana na baba yake.

Hadi juma lijalo, tuwatakie amani nyumbani.