Hasira yenye kukosa adresi

Bandugu wafanyakazi, na mama zetu wa kambini, wale kati yenu mulipita ku humanités mulisikia jina la Germinal, kitabu cha Émile Zola juu ya wachimbaji wa makaa ya mawe kule kaskazini ya Ufaransa. Kilitoka mwaka wa 1885. Mwaka mumoja mbele ya pale, Zola mwenyewe alikuwa amefika Anzin wakati wa mugomo, akashuka chini ya mugodi kuona kwa macho yake. Walimu wetu walitufundisha kama mugodi wa Voreux ni alama: nyama mukali mwenye kulala chini, mwenye kumeza watu kila asubuhi. Ni kweli. Lakini ku mwanzo kabisa wa kitabu kuko alama ingine, na kwangu mimi njo ile yenye uzito.

Ni usiku. Étienne, kijana mwenye kutafuta kazi, anamuuliza muzee Bonnemort: mugodi huu ni wa nani? Muzee alishuka chini mbele ya kufikisha miaka 8. Sasa ana miaka 58 na anatema mate meusi. Jamaa yake inatumikia kampuni ile tangu miaka 106. Na bwana wa mugodi, hamujui. Ananyosha tu mukono kule gizani, anasema ni wa watu. Basi. Zola anamulinganisha huyo bwana na mungu aliyefichama, mwenye kushiba, ambaye wote wanamutolea mwili yao bila kumuona hata siku moja.

Miezi michache kisha kitabu kutoka, daktari kijana Sigmund Freud alifika Paris kusoma kwa profesa Charcot. Psikanalizi, ile elimu ya kutafuta mambo yenye kufichama ndani ya roho na kumusukuma mutu bila yeye kujua, ilizaliwa nyuma ya Germinal. Zola hakuisoma. Lakini wenye kusoma riwaya kwa macho ya Freud wanapata mule mambo mengi. Wamoja wanasema mugodi ni tumbo la mama. Sibishane nao, ila haitanisaidia ku mukutano wa sendika. Neno moja la Freud njo linanisaidia: kuhamisha. Hasira yenye kukosa njia ya kumufikia mwenyewe inahama, inaangukia mutu wa karibu.

Sasa somea kitabu na neno hilo mukononi.

Muzee Maigrat ana duka. Anawapa watu deni, na deni hiyo analipisha ku mwili wa bake na wasichana wao. Siku ya fujo anaanguka toka juu ya paa, anakufa, na wanawake wanamukata kile kiungo alichowadhulumu nacho. Wasomi wa psikanalizi wanakaa hapa kurasa na kurasa. Kwangu hapa hakuna fumbo kubwa: kila mwanamuke pale alijua juu ya nini. Lakini angalieni: Maigrat hakupunguza mushahara wa mutu. Aliyepunguza alikuwa mbali.

Kisha Jeanlin, mutoto wa miaka 11, miguu ilivunjika chini ya mawe yaliyoanguka, akabaki kilema. Usiku moja anaruka ku mugongo wa askari mulinzi, anamuchoma kisu ku shingo. Askari huyo anaitwa Jules, kijana wa Bretagne, mutoto wa maskini kama yeye, mama yake anamungojea kwao. Étienne anamuuliza mutoto: juu ya nini? Hajui. Alisikia tu hamu. Mutoto hasemi uongo: ile kintu yenye kumusukuma hana jina lake.

Na mwisho Bonnemort mwenyewe. Amepooza, anakaa ku kiti, hasemi tena. Cécile, binti wa jamaa yenye kukula faida ya hisa za mugodi, anakuja na wazazi wake kumuletea zawadi. Muko viatu. Viatu, kwa mutu ambaye hatembei tena! Wanabaki wawili dakika kidogo, na mikono ile ya miaka 50 ya kazi inamunyonga. Binti alikuja na huruma. Muzee alikuwa mutu mupole siku zote. Naamini Zola alijua anafanya nini: yule aliyenyosha mukono gizani ku mwanzo, mukono wake umepata shingo ya kushika, na siyo ile.

Musendika mwenzangu aliniambia: wewe, na mambo hayo, unatufanya wagonjwa wa kichwa, unasahau mushahara. Hapana. Mugomo wa Germinal unaanza na hesabu: kampuni inashusha bei ya kigari cha makaa kutoka santimu 50 hadi 40, na inajifanya kulipa peke yake kazi ya kusimamisha miti chini. Njaa ile si ndoto. Freud hawezi kutuambia juu ya nini watu waligoma. Anaweza kutuambia juu ya nini waliokufa ni wale, na siyo wengine.

Na sisi, hatuna haki ya kusoma kitabu hiki kama habari ya Bazungu peke yao. Mwaka wa 1992 na 1993, Gécamines ilikuwa inaanguka, Kamoto ilikuwa imebomoka tangu 1990. Wanasiasa walijua kuonyesha hasira yetu njia. Ikaenda wapi? Ku mulango wa jirani. Jamaa za Kasai, watu tulioshuka nao chini pamoja, walilala ku gari ya Likasi na ya Kolwezi na watoto, wengine walifia pale. Je, kisha wao kwenda, mushahara ulipanda?

Leo iko pia ndani ya nyumba. Kichwani kofia ya kampuni moja, ku karatasi ya mushahara jina la kampuni ingine, na ile ya tatu njo yenye kutoa amri. Kapita anatukanwa, kapita anatutukana. Baba anafika nyumbani, sahani inachelewa, mukono unapanda. Chaval alimupiga Catherine vile vile, na hakuna kurasa ambayo Chaval anaulizwa kama ni Catherine aliyemupunguzia bei ya kigari.

Ku mwisho wa kitabu, mama Maheude amepoteza bwana na watoto, anashuka tena mugodini. Anamuambia Étienne kama si kosa lake, ni kosa la watu wote. Ninamuheshimu ule mama kuliko wote ndani ya kitabu, lakini hapo simufuate. Santimu 10 zile hazikupunguzwa na watu wote. Zilipunguzwa ndani ya ofisi, na watu wenye majina. Kwa ile ninaomba ma delege wa sendika: mbele ya kupiga kura ya mugomo wowote, muandike ku ubao, mbele ya wote, jina la kampuni na la mutu aliyesaini. Kama hatulijue, mukutano ya kwanza ikuwe ya kulitafuta.